Nafasi Zilizo Chini ya Taa

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi katika hospitali moja ya serikali hapa Dar es Salaam kwa miaka 14, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nimeingia zamu za jioni na za usiku. Watu wakisikia naingia naiti huniuliza habari za damu, vifo na usingizi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nafikaje kwenye gari langu. Na hofu kubwa kuliko zote nilizopata katika kazi hii niliipata huko, si wodini.

Niwaeleze kwanza mahali penyewe. Hospitali yetu ina maegesho mawili. Ya mbele yanatazamana na idara ya dharura, yamewekwa lami, yana mlingoti wa taa, na watu hawakosi kupita hapo saa zote. Ya nyuma yako kati ya jengo la dobi na ukuta wa mochwari, udongo mtupu, chini ya mwembe mkubwa ambao mchana kila mtu anaugombania kwa kivuli chake. Usiku mwembe huo huo humeza mwanga kidogo unaotoka kwenye korido. Nafasi za mbele zina vibao: Mganga Mfawidhi, Katibu, Mhasibu, Madaktari Bingwa. Sisi wengine tulipaki nyuma.

Sasa angalieni saa. Kwetu zamu ya jioni huisha saa 2:30 usiku, na ya usiku huanza hapo hapo. Jua la Dar huzama kabla ya saa 1 usiku mwaka mzima, iwe Juni au Desemba. Kwa hiyo kila anayetoka jioni anatoka gizani, na kila anayeingia naiti anaingia gizani. Saa hizo wenye vibao wameshaondoka. Nafasi kumi na mbili zilizo chini ya taa zinalala tupu, na wauguzi wanapapasa ukuta wa mochwari kutafuta magari yao. Nilipita mbele ya nafasi zile kwa miaka bila kuliona jambo hilo. Kibao kilisema Mganga Mfawidhi, nami nilikiheshimu saa 3 usiku kama vile mwenyewe yuko pale.

Gari nilinunua mwaka 2018 kwa mkopo wa SACCOS, Vitz iliyotumika, na nililinunua kwa sababu ya zamu. Kabla ya hapo nilikuwa nasimama kituoni saa 3 usiku na mkoba kifuani nikiomba Mungu daladala ya mwisho isiwe imepita. Nilidhani gari ndiyo mwisho wa hofu. Haikupita miezi mitatu, nikatoka asubuhi moja nikakuta vioo vya pembeni vyote viwili vimeng'olewa. Nikanunua vingine, nikachora namba ya gari juu yake kama wafanyavyo watu wa mjini hapa, na tangu hapo nikawa natembea nikiwawaza wezi. Nilijiandaa kwa ajili ya mwizi. Aliyenijia hakuwa mwizi.

Ilikuwa masika ya 2021. Mvua ilikuwa imepungua na umeme umekatika. Jenereta yetu huwasha wodi, chumba cha upasuaji na korido. Maegesho ya nyuma hayamo kwenye laini yake. Mzee mmoja alikuwa amefariki wodini kwangu saa 12 jioni, na kifo kina karatasi zake, kwa hiyo nilichelewa. Wenzangu wa zamu walinisubiri kidogo, kisha nikawaambia, "Tangulieni." Neno hilo moja nimelijutia kuliko mengi niliyowahi kusema.

Nilitoka saa 3 na robo. Nilikuwa na sare mwilini, mkoba begani, na macho kwenye simu, nasoma ujumbe wa mwanangu anayeuliza kama nitapitia mkate. Nimeshafungua mlango na kukaa, ndipo nikaona mkono umeshika mlango kwa juu. Sikuona alikotokea. Alikuwa kijana wa miaka kama 30, amelowa chepechepe, macho mekundu. Akasema, "Sista, wewe ndiye uliyemwacha baba yangu afe."

Nikamtambua. Ni mtoto wa yule mzee.

Nikavuta mlango, akauzuia. Hakunipiga, wala hakudai kitu. Alikuwa anarudia maneno yale yale, sauti ikipanda kila mara, na mkono wake wa pili ukakamata ukosi wa sare yangu. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Nimehudumia wagonjwa wengi walioshindwa kuita muuguzi usiku, na asubuhi tukawauliza mbona hukuita. Siku ile nilijua kinachowakaba.

Mama mmoja wa dobi alitoka kumwaga maji. Akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitana ng'ambo ya kisima: "Nani huyo? Sista, uko na nani?" Swali hilo tu. Kijana akaachia ukosi, akarudi nyuma hatua mbili, akakaa kwenye matope, akalia. Mama wa dobi akatua beseni, akamwendea. "Pole baba. Pole mwanangu." Akasimama naye hadi ndugu zake walipokuja kumchukua. Mimi nilibaki ndani ya gari, funguo mkononi, nisijue inapoingizwa.

Mlinzi alikuwa geti kuu, mbali, na simlaumu. Walikuwa wachache kwa hospitali nzima, na maelekezo waliyopewa yalihusu mali ya hospitali isitoke. Hakuna aliyewaambia kwamba na sisi ni wa kulindwa.

Kwa wiki mbili sikumwambia mtu yeyote kazini. Niliona aibu, na niliogopa swali ambalo lingefuata: ulimfanya nini mgonjwa? Nilikuwa sijamfanya kitu. Mzee alikuja akiwa na hali mbaya na tulifanya tulichoweza. Lakini kulikuwa na jambo lililonitesa, nami nataka wenzangu walisikie. Habari za kifo kile nilimpa kijana yule kwenye korido, tumesimama, troli ya dawa kati yetu, kwa dakika isiyozidi moja. "Mzee ametutoka. Poleni sana. Mtaelekezwa taratibu." Nikaenda kwa mgonjwa mwingine, kwa sababu tulikuwa wauguzi wawili kwa vitanda zaidi ya 30. Yeye akabaki na maswali, na mtu pekee aliyemjua wa kumuuliza alikuwa mimi. Akatoka nje, akaningoja kwa muda wa saa tatu kwenye mvua.

Sisemi nilistahili kushikwa ukosi. Hakuna muuguzi anayestahili. Nasema kwamba usalama wa kule nje ulikuwa umeanza kuharibika humu ndani. Siku hizi nikiwa na habari ya msiba natafuta viti, hata kama ni vile vya plastiki vya chumba cha sindano, namwita mwenzangu mmoja awepo, nasema neno lenyewe bila kulizungusha, kisha nanyamaza. Ule ukimya ndio mgumu. Halafu namwambia kesho asubuhi aje amwone nani, chumba kipi, kwa maswali yoyote. Inachukua robo saa. Robo saa hiyo haipo kwenye ratiba, tunaipora. Na kabla sijatoka nauliza: ndugu wa marehemu wameondoka? Kama bado wapo na wana hasira, simwachi aliyewapa habari atoke peke yake, awe ni mimi au mwingine.

Yapo mambo madogo niliyojifunza ambayo ningependa mtu angeniambia mwaka wa kwanza. La kwanza ni macho. Sisi tunasoma shuleni kwamba jicho likitoka kwenye mwanga mkali huchukua hadi nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na dakika za mwanzo ndizo za upofu hasa. Tunajua hivyo, kisha tunatoka chini ya taa nyeupe za wodi na kuingia moja kwa moja chini ya mwembe. Aliyekaa gizani anakuona, wewe humwoni. Sasa nasimama korido ya mwisho, ile yenye taa hafifu, nafunga kamba za viatu hata kama zimefungwa, naangalia nje. Simu inakaa mfukoni, kwa maana kioo cha simu kinaua tena macho yaliyoanza kuona. Tochi naibeba ndogo ya mkononi.

Jingine ni rimoti. Gari langu nikibonyeza mara moja hufungua milango yote minne, na nilikuwa na tabia ya kubonyeza nikiwa mbali ili taa ziwake nijue liko wapi. Maana yake nilikuwa nawafungulia watu milango mitatu kabla sijafika. Dada yangu ndiye aliyenionyesha. Sasa nabonyeza nikiwa nimeshika kitasa, baada ya kumulika siti ya nyuma, na nikikaa tu mkono wa kwanza unafunga milango. Gari langu halijifungi lenyewe likianza kwenda. Magari mengi yaliyotumika tunayonunua ni hivyo hivyo. Jaribuni mchana mjue lenu likoje. Mkanda, redio, ujumbe wa nyumbani, vyote vinangoja mpaka nimetoka getini.

Sare naivua wodini. Tuliambiwa tuivue kwa ajili ya vijidudu, na ni kweli, lakini hata hili: aliyevaa sare anajulikana, na mwenye kinyongo na hospitali haangalii ni muuguzi yupi.

Lakini yote hayo ni ya mtu mmoja mmoja, na nimefika mahali sipendi ushauri unaoishia hapo, kwa kuwa unamwachia mwanamke aliyesimama kwa miguu kwa muda wa saa 11 kazi nyingine ya kujilinda. Kilichobadilisha mambo kwetu kilikuwa daftari.

Nilipomweleza matroni hatimaye, alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mimi yalinipata pale pale, na sikusema." Akanunua daftari kubwa, akalitundika kwenye chumba cha makabidhiano, na kila aliyepatwa na jambo nje aliandika tarehe, saa, mahali na kilichotokea. Hakuna kuandika jina kama hutaki. Ukurasa wa kwanza ulijaa upesi, na mengi yalikuwa mambo ambayo kila mmoja alidhani ni yake peke yake: balbu ya nyuma imeungua tena. Mbwa koko wamemfukuza mfanya usafi saa 10 alfajiri. Wanaume wawili wanakunywa nyuma ya mochwari. Intani amefuatwa hadi kwenye bajaji. Dereva wa bodaboda anauliza wauguzi wanatoka saa ngapi. Tulipoyasoma pamoja tuliona kitu: karibu yote yalitokea mahali pale pale pa nyuma, muda wa kubadilishana zamu. Kumbe halikuwa tatizo la hospitali nzima. Lilikuwa mita chache na dakika chache, na kwa hizo jambo linaweza kufanyika.

Tukaenda kwa uongozi na daftari. Mara ya kwanza tuliomba taa mpya, uzio na walinzi, tukajibiwa kwa heshima tungoje bajeti ya mwaka wa fedha ujao. Tukarudi mara ya pili na ombi lisilohitaji bajeti. Mwenzetu mmoja anayesoma sana sheria alieleza kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi na inadai nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, na kwamba Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019, unapozungumzia ukatili kazini unaihesabu na njia ya kwenda na kurudi. Nyongeza ya fedha haimfikishi mtu kwenye gari, alisema. Kisha matroni akauliza tu: nafasi zile za mbele, usiku ni za nani?

Ilichukua fundi wa maandishi na kopo moja la rangi. Chini ya kila kibao kikaandikwa muda: saa 1:30 asubuhi hadi saa 11 jioni. Baada ya hapo, ni za zamu.

Haikwenda vizuri mwanzoni. Makabidhiano ya asubuhi hayaishi saa 1:30 kamili. Ukiwa na mgonjwa mahututi unaweza kutoka saa 2. Wiki ya kwanza tu mkubwa mmoja alifika akakuta gari la zamu kwenye nafasi yake, akapaki nyuma yake akalifungia, akaingia kikaoni. Muuguzi mwenye gari alikaa hapo hadi saa 5, ametoka naiti ya tatu. Kuna waliopendekeza tuwe tunaacha funguo kwa mlinzi. Nilikataa, maana ungekuwa mtihani mpya juu ya mtihani. Vibao vikafutwa vikaandikwa upya, saa 2:30 asubuhi. Ugomvi ukaisha.

Nafasi kumi na mbili hazitutoshi sote. Wajawazito hupewa kwanza, ingawa ile ile Sheria ya Ajira inakataza kuwapanga usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, kisha wanaojua watatoka peke yao, kama wa maabara na wa famasi. Wa wodi kubwa, tulio wengi, tunaendelea na nyuma, lakini tunatoka kwa kundi. Desturi ni kwamba wa jioni hawaondoki hadi wote wamekabidhi. Mwanzoni vijana walinung'unika, robo saa ya kumsubiri mtu ni ndefu ukiwa na mtoto nyumbani. Siwalaumu. Nami nina mtoto. Ila neno "tangulieni" kwetu halikubaliki tena, na anayelisema anakemewa.

Na mlinzi awe mtu kwako. Mzee aliyekuwa getini nilikuwa nikimpita na shikamoo ya haraka. Baada ya masika yale nikaanza kusimama. "Shikamoo mzee. Gari langu lile pale, natoka asubuhi, nisipoonekana hadi saa 2 uliza wodi ya wanaume." "Marahaba mwanangu, nimeliona." Tukimpelekea chai ya rangi saa 9 usiku, tunapata habari za nje zote. Ndiye aliyetuambia kuna kijana anakaa nyuma ya magari kila Ijumaa, na akamwondoa. Septemba 2022, habari za Panya Road, magenge ya vijana wanaovamia na kupora watu, zilipolitikisa jiji na watu wakawa hawalali, alikuwa akitusindikiza mmoja mmoja wale tusiokuwa na kundi, na rungu lake, umri wake zaidi ya miaka 60. Wasio na magari aliwaitia bodaboda anazozijua kwa majina, akaandika namba ya pikipiki kiganjani kwa kalamu mbele ya dereva mwenyewe. Dereva aliyeona namba yake imeandikwa aliendesha kwa adabu.

Kuna hatari moja ambayo mlinzi haizuii. Mwaka jana, asubuhi ya naiti ya nne, nilitoka salama, nikafunga milango, nikatoka getini, jua limeshawaka, roho imetulia. Kwenye taa za Tabata nikashtushwa na honi. Taa ilikuwa kijani, mguu wangu umeteleza kwenye breki, na gari lilikuwa limesogea hadi kugusa bajaji ya mbele. Ndani yake kulikuwa na mama na wanafunzi wawili wa sare. Hakuna aliyeumia. Dereva wa bajaji alishuka na maneno mdomoni, akaniona uso, akasema, "Dada, wewe unalala. Paki pembeni." Nikapaki, nikalia.

Watafiti walishapima hili: mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 mfululizo huitikia mambo kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Mimi siku ile nilikuwa nimevuka saa 20, maana mchana wake nilikuwa kwenye kikao cha shule ya mwanangu badala ya kulala. Nisingethubutu kuendesha nimelewa. Nilikuwa naendesha hivyo kila wiki nikijisifu kwa ugumu wangu.

Sasa baada ya naiti nalala dakika 20 kabla ya kushika usukani, kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, kengele ya simu imewekwa na mwenzangu anajua. Silali garini. Ukifunga vioo joto la Dar linakuua, ukivifungua umejianika. Kikombe cha kahawa nakinywa kabla ya kulala, si baada, kinakuja kufanya kazi wakati naamka. Na naiti ikiwa ya tatu au zaidi naacha gari lilipo, napanda basi la mwendokasi, narudi kulichukua jioni. Nikiwaona vijana wetu wanakimbilia magari yao saa 2 asubuhi macho yamejaa mchanga, nawashika mkono. Wengine wanakasirika. Nawashika tu.

Yule mzee wa geti alimaliza mkataba mwezi Machi, akarudi kwao Singida. Mlinzi mpya ni kijana, anatuita sista wote, bado anadhani kazi yake ni kupekua mikoba. Nimeanza naye kidogo kidogo. Balbu ya nyuma imeungua tena tangu Jumanne. Imeandikwa kwenye daftari mara tatu, kwa miandiko mitatu tofauti. Leo naingia saa 2:30. Nimepita dukani nimenunua balbu mbili, moja ya kufunga na moja ya kumwachia yule kijana, na fundi umeme wa zamu ameniahidi ngazi.